Dian Fossey na Watoto Wawili wa Gorila

Sisi wa Kisoro, katika pembe ya kusini-magharibi ya Uganda, tukifungua mlango asubuhi twaiona milima ya Virunga mbele yetu. Wenzangu wa shule wajua kwamba gorila huishi kule juu, lakini habari za mwanamke aliyewalinda hawazijui sana. Basi nimeona niwaandikie.

Dian Fossey alizaliwa San Francisco, Marekani, mwaka 1932. Shahada yake ya kwanza haikuwa ya mambo ya wanyama. Alifanya kazi katika hospitali ya watoto huko Louisville, akiwazoeza wagonjwa wadogo kutumia tena mikono na miguu yao. Mwaka 1963 alikopa fedha akaja kuitembelea Afrika, akawaona gorila wa Kabara upande wa Kongo, na tangu siku hiyo moyo wake haukutulia. Miaka mitatu baadaye Dakta Louis Leakey, yule mchimbaji wa mifupa ya kale, alimwambia kwamba akitaka kutumwa huko ni afadhali kwanza akatwe kidole tumbo, asije akaugua mbali na daktari. Akakatwa. Kumbe mzee alikuwa akimpima nia tu!

Alianza kazi Kabara mwezi wa Januari 1967. Julai zikazuka fujo Kongo, askari wakamteremsha mlimani na kumweka chini ya ulinzi Rumangabo. Akawashawishi wamsindikize hadi kwetu Kisoro kwa ajili ya karatasi za gari lake, na alipofika akakimbilia hoteli ya Bwana Walter Baumgärtel. Mtu mwingine angepanda ndege arudi kwao. Yeye, tarehe 24 Septemba mwaka uleule, alipiga hema upande wa Rwanda, kati ya Karisimbi na Bisoke, akapaita mahali pale Karisoke.

Sasa nafika kwenye habari iliyonifanya nishike kalamu. Mwaka 1969 watu walikamata watoto wawili wa gorila ili wapelekwe katika bustani ya wanyama ya Cologne, Ujerumani. Gorila hawaachi mtoto wao achukuliwe, kwa hiyo wakubwa zaidi ya kumi waliuawa. Watoto walikuwa karibu kufa walipoletwa kwa Bibi Fossey. Aliwaita Coco na Pucker. Aliwapa chumba katika nyumba yake, akakijaza majani na matawi ya msituni, akawanywesha dawa, akalala karibu nao usiku. Walipopata nguvu aliwatoa nje wale majani ya mlimani kwa mikono yao wenyewe. Nia yake ilikuwa kuwarudisha katika ukoo wa gorila wa porini. Lakini mkuu wa hifadhi alimwambia kwamba asipowatoa, watakamatwa wengine badala yao. Angefanyaje? Aliwatoa. Waliishi Cologne mpaka mwaka 1978, wakafa wote wawili.

Mwaka jana darasa letu lilivuka Ziwa Viktoria hadi kisiwa cha Ngamba, kilichotengwa mwaka 1998 kwa ajili ya sokwe walionyang'anywa wawindaji na wachuuzi. Tulisimama juu ya jukwaa, nao wakatoka msituni kuja kula, mmoja akiwa na mtoto wa mwenzake mgongoni. Walipokwisha kula wakarudi mitini bila kutuaga. Nikawakumbuka Coco na Pucker, maana mama yao wa kulea hakuwa na kisiwa.

Tangu hapo Bibi Fossey alikuwa mkali. Aliharibu mitego, akawakamata na kuwatisha wawindaji, akawafukuza wachungaji na ng'ombe wao. Mimi sikubaliani naye katika yote, kwani wale wachungaji nao walikuwa na watoto wa kulisha. Tarehe 31 Desemba 1977 wawindaji walimwua Digit, gorila aliyempenda kuliko wote, wakamkata kichwa na mikono. Mwaka 1983 alitoa kitabu kilichosomwa nchi nyingi.

Usiku wa tarehe 26 Desemba 1985 aliuawa ndani ya nyumba yake kule Karisoke, akiwa na umri wa miaka 53. Hesabu ya mwaka 1981 ilikuwa imepata gorila wapatao 250 tu katika Virunga. Ile iliyotangazwa mwaka 2018 ilipata 604. Yeye amezikwa kulekule juu, katika makaburi aliyowachimbia gorila wake, karibu na Digit.