Hans Kosterlitz na Kasumba ya Mwilini

Hans Kosterlitz alizaliwa Berlin mwaka wa 1903, akasomea udaktari. Kwa kuwa alikuwa wa asili ya Kiyahudi, Wanazi walimfungia milango. Mwaka wa 1934 akahamia Aberdeen, Uskochi. Huko alivutwa na swali gumu: kwa nini neva za binadamu ziitikie mofini, zao la utomvu wa mmea? Alistaafu ukufunzi mwaka wa 1973, na ajabu ni kwamba kazi yake kuu ilikuwa bado. Yeye na John Hughes walichuja bongo za nguruwe, na mwaka wa 1975 wakatangaza enkefalini mbili, kila moja ya asidi amino tano tu, ambazo mwili hujiundia ili kuzuia neva zisipitishe habari za maumivu. Matumaini ya kupata dawa isiyomtia mgonjwa uraibu yalififia, kwani enkefalini huvunjwa upesi mno mwilini. Kosterlitz alifariki mwaka wa 1996.