Ernst May: Msanifu aliyejifunza jua na upepo wa Afrika Mashariki

WAPANGAJI wengi katika majumba ya orofa mtaani Huruma, Nairobi, huwasha taa hata adhuhuri. Madirisha ya vyumba vyao yanatazamana na ukuta wa jumba jirani, na hewa haina pa kupenyea.

Namna ya kuipatia nyumba mwanga na hewa bila kutumia kawi nyingi ilimshughulisha msanifu mmoja wa majengo aliyeishi Nairobi enzi za ukoloni. Msanifu huyo ni Ernst May.

May alizaliwa Julai 27, 1886 jijini Frankfurt, Ujerumani. Alisomea taaluma yake nchini mwake na Uingereza, ambako pia alifanya kazi chini ya Raymond Unwin, bingwa wa kupanga vitongoji vyenye bustani.

Kati ya 1925 na 1930 alisimamia ujenzi wa jiji la Frankfurt. Katika kipindi hicho zilijengwa zaidi ya nyumba 10,000, nyingi zikiwa za watu wa mapato ya kadiri. Katika baadhi ya mitaa, majengo yalipangwa kwa safu zilizoachiana nafasi ili kila familia ipate jua.

Mwaka 1930 alikwenda Muungano wa Kisovieti na kundi la wataalamu kupanga miji mipya ya viwanda, ukiwemo Magnitogorsk. Alipoondoka huko, Wanazi walikuwa wamekwisha kutwaa mamlaka Ujerumani. May, aliyekuwa na asili ya Kiyahudi, hakuweza kurejea nyumbani.

Mwaka 1934 alifika Tanganyika, akawa mkulima karibu na Arusha. Miaka mitatu baadaye alihamia Nairobi na kurudia kazi yake ya usanifu.

Hapa alilazimika kujifunza upya. Frankfurt, jua hukaribishwa ndani kama mgeni wa heshima. Afrika Mashariki, mara nyingi hukingwa lisiupige ukuta. Isitoshe, eneo hili halina hali moja ya hewa.

Mombasa iko kwenye usawa wa bahari, na joto na unyevu wake havipungui sana usiku. Nyumba ya huko huhitaji madirisha mapana yanayotazamana ili upepo upite. Lodwar na Garissa ni kukavu na jua ni kali. Huko kuta nene, madirisha madogo na kivuli ndivyo vinavyofaa.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mchana huweza kuwa na joto ilhali usiku wa Julai una baridi, hivyo ukuta wa mawe hufaa kwa kuwa huhifadhi joto la mchana na kulitoa polepole usiku.

Katika nchi zilizo karibu na Ikweta, jua la asubuhi na la jioni ndilo linalopiga kuta na madirisha moja kwa moja. Jengo la mstatili likielekeza pande zake fupi mashariki na magharibi, na madirisha yake kaskazini na kusini, paa lililochomoza kidogo hutosha kuyakinga. Uamuzi huo hauongezi hata mfuko mmoja wa saruji.

Hoteli ya Oceanic mjini Mombasa, aliyoibuni miaka ya 1950, ilipindwa kama upinde ili vyumba vipokee upepo wa bahari.

Vita vya Pili vya Dunia vilimkatiza. Kwa kuwa alikuwa Mjerumani, Waingereza walimzuilia Afrika Kusini kuanzia 1940 hadi 1942. Baadaye alibuni nyumba ya vipande vya saruji vya kuunganishwa, iliyokusudiwa Waafrika, lakini haikuenea.

Mwaka 1945 alipewa kazi ya kupanga upanuzi wa Kampala katika vilima vya Kololo na Naguru. Alizingatia miinuko na mabonde, lakini mpango wake uliwatenga wakazi kwa rangi, Waafrika wakiwekwa Naguru. Nairobi nayo ilikuwa imegawanywa vivyo hivyo, Waafrika wakielekezwa Eastlands. Ujuzi wa jua na upepo haukuwafikia wote kwa kipimo kimoja.

May alirejea Ujerumani mwaka 1954 na kuendelea kubuni mitaa ya makazi. Alifariki Hamburg mnamo Septemba 11, 1970, akiwa na umri wa miaka 84.

Mwaka uliofuata, Umoja wa Mataifa ulichapisha mwongozo wenye majedwali yanayoitwa ya Mahoney. Msanifu huyajaza joto, unyevu na mvua ya kila mwezi mahali anapojenga, kisha hupata ushauri kuhusu mwelekeo wa nyumba, ukubwa wa madirisha na uzito wa kuta. Mwaka 1975 Chuo Kikuu cha Nairobi kilitoa mwongozo wa Charles Hooper kuhusu nyumba za bei nafuu kulingana na hali za hewa za Kenya.

Licha ya maarifa hayo, ploti nyingi za Huruma zimejengwa hadi mpakani, orofa juu ya orofa. Aprili 29, 2016 jumba la orofa sita liliporomoka mtaani humo na kuua watu karibu 50. Ukosefu wa hewa hauna kishindo kama hicho, ila kifua kikuu huenea kwa urahisi katika vyumba visivyopitisha hewa, na mpangaji hulipia taa ya mchana juu ya kodi.

Hali ya hewa ya Nairobi ni ya wastani, kiasi kwamba nyumba iliyopangwa vyema haihitaji mashine ya kuipoza. Inahitaji nafasi kati ya ukuta na ukuta, na nafasi hiyo hutengwa kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.