Jamaa aliyetuimbia nyumbani hakuwa na kwao

Hii ngoma unaijua hata kama hujui kwamba unaijua. Ni Jumapili jioni, matatu inatoka ushago imejaa viazi na mikungu ya ndizi, na dereva ni mzee wa makamo anayependa muziki wa kantri. Gita linaanza taratibu. Kabla kiitikio hakijafika, gari zima linaimba, hadi yule mama wa kiti cha nyuma aliyekuwa amelala tangu mlipoanza safari. Ni ule wimbo wa John Denver wa barabara za mashambani na mtu anayetaka kurudi kwao.

Umeuimba, nami nimeuimba. Lakini umewahi kujiuliza mwenye sauti ile alikuwa akirudi wapi?

Alizaliwa Desemba 31, 1943, mjini Roswell katika jimbo la New Mexico, Marekani, na jina lake halikuwa Denver. Aliitwa Henry John Deutschendorf, sawa na baba yake. Buda alikuwa rubani wa Jeshi la Anga, tena si rubani hivi hivi. Aliweka rekodi za kasi akiendesha ndege ya kivita aina ya B-58. Kwa mtoto, hiyo ilimaanisha kufunga virago kila mara. Arizona, kisha Alabama, kisha Texas. Kama mzazi wako ni polisi au mwalimu wa kuhamishwa-hamishwa, basi unayajua maisha hayo: unaingia darasa jipya katikati ya muhula, kila mtu ana rafiki tayari, nawe unatafuta mahali pa kukaa wakati wa chakula cha mchana. Baba naye alikuwa mtu mkali, mgumu kuonyesha mapenzi.

Aliyemwokoa ni shosho yake. Alimpa gita kuukuu aina ya Gibson lililotengenezwa mwaka 1910, kijana akiwa na miaka 11 hivi. Akagundua kwamba ukiingia shule mpya na gita mkononi, watu wanakuja wenyewe.

Akiwa shule ya upili huko Fort Worth, Texas, alichukua gari la baba yake bila ruhusa na kuliendesha hadi California akatafute maisha ya muziki. Zaidi ya kilomita 2,000! Buda hakupiga kelele kwenye simu. Aliazima ndege ya rafiki yake, akamfuata huko huko na kumrudisha amalize masomo. Kumbuka hiyo ndege, tutairudia.

Alimaliza shule, akaenda Chuo cha Texas Tech kusomea usanifu wa majengo, kisha akaacha na kuhamia Los Angeles na gita lake. (Wazazi wa huku wangeshika kichwa. Wa kule pia walishika.) Huko akaambiwa kwamba jina la Deutschendorf ni refu mno kutoshea kwenye bango la tamasha. Akachagua Denver, jina la mji mkuu wa jimbo la Colorado. Hakuwa mwenyeji wa huko. Aliipenda tu ile milima. Yaani kijana asiye na kwao alijichagulia kwao kwa jina, miaka kadhaa kabla ya kufika.

Mwaka 1965 alipata nafasi katika kundi la Chad Mitchell Trio, akimrithi mwenye kundi aliyekuwa ameondoka. Mwaka uliofuata alitunga wimbo wa mtu anayeaga mpenzi wake kabla ya kupanda ndege, akaurekodi kwa pesa zake pamoja na nyingine kadhaa, na kuwagawia marafiki santuri hizo kama zawadi ya Krismasi. Hakuna kampuni iliyokuwa ikimtaka. Ila marafiki ni mtaji. Wimbo huo ulichukuliwa na kundi la Peter, Paul and Mary, na Desemba 1969 ukafika nambari moja Marekani. Wewe unaujua kwa jina la Leaving on a Jet Plane.

Sasa tuje kwa ile ngoma ya matatu. Desemba 1970 Denver alikuwa akitumbuiza katika klabu moja ndogo mjini Washington pamoja na wapenzi wawili waliokuwa marafiki zake, Bill Danoff na Taffy Nivert. Baada ya shoo akapata ajali ya gari, akavunjika kidole gumba na kupelekwa hospitalini. Mtu mwingine angelala. Yeye alienda kwa marafiki hao, na hapo wakamwonyesha wimbo ambao hawakuwa wameumaliza. Walikuwa wakiuweka kwa matumaini ya kumuuzia Johnny Cash. Wakakesha wote watatu wakiumalizia, na asubuhi ikawakuta na wimbo kamili.

Hapa ndipo watu hushangaa. Wazo la barabara hiyo lilimjia Danoff akiendesha gari Maryland, na wakati huo hakuwa amewahi kukanyaga West Virginia, jimbo linalotajwa humo. Waliliweka kwa sababu lilikaa vizuri katika mdundo. Wimbo ulipanda hadi nambari mbili mwaka 1971, na mwaka 2014 West Virginia yenyewe ikauidhinisha kuwa mmoja wa nyimbo rasmi za jimbo. Je, ni uongo? Mimi naona sivyo. Mtu aliye nyumbani hana haja ya kuimba kuhusu kurudi. Anayeuimba vizuri ni yule ambaye bado yuko njiani, na ndiyo maana sisi wa mtaani, tuliozaliwa Nairobi na kuulizwa kila siku kwetu ni wapi, tunauimba kwa sauti kubwa kuliko wenye shamba.

Baadaye kidogo alifika kwenye milima yake. Yeye na mkewe, Annie Martell, ambaye walioana mwaka 1967, walihamia Aspen, Colorado. Mji huo uko juu kidogo kuliko Nyahururu, mita kama 2,400 kutoka usawa wa bahari, na milima inayouzunguka inapita mita 4,000. Majira ya joto ya kwanza alipiga kambi na marafiki kando ya ziwa la Williams, huko juu ambako hakuna taa ya mji. Ulikuwa msimu wa vimondo vya Agosti. Usiku mwezi haukuwepo, na anga lilikuwa na nyota nyingi hivi kwamba aliona kivuli kikitupwa na mwanga wa nyota. Kisha vimondo vikaanza kushuka kimoja baada ya kingine, na wenzake wakatoka kwenye mahema kuvitazama.

Kutokana na usiku huo akaanza Rocky Mountain High, akisaidiwa na mpiga gita wake Mike Taylor. Ulimchukua miezi tisa, muda mrefu sana kwake. Si wimbo wa mandhari pekee. Ndani yake mna rafiki aliyekuja kumtembelea milimani akafa katika ajali ya pikipiki, na mna hofu kwamba mashine zitakuja kuichimba milima na watu watajazana. Alikuwa amehamia juzi tu na tayari alikuwa akiogopa kupoteza. Ulipotoka mwaka 1972, baadhi ya stesheni za redio zilisita kuucheza zikidhani unasifu dawa za kulevya. Mwaka 1985 alifika mbele ya Seneti ya Marekani kupinga muziki kudhibitiwa, akaeleza kwamba walioukataa wimbo huo hawakuwa wamewahi kuona milima ile wala kuijua furaha yake. Mwaka 2007 Colorado iliufanya wimbo rasmi wa jimbo.

Imani yake pia ilikaa huko juu. Hakuwa mwimbaji wa kwaya. Alitafuta Mungu msituni na mtoni, milima akaifananisha na kanisa kubwa, na kwa miaka kadhaa akafuata mafunzo ya kujitambua yaliyovuma Marekani ya wakati huo. Mwaka 1977 aliigiza katika filamu ya Oh, God! akiwa meneja msaidizi wa duka la vyakula anayetokewa na Mungu, mzee mcheshi mwenye kofia. Hiyo ilimfaa kuliko mimbari. Alichokiamini alikifanya pia kwa mikono: mwaka 1976 alianzisha shirika la mazingira la Windstar kwenye ardhi ya karibu ekari 1,000, na Rais Jimmy Carter alimweka katika tume ya kushughulikia njaa duniani.

Wakati huo alikuwa ameomoka kabisa. Mwaka 1974 na 1975 nyimbo zake nne zilifika nambari moja. Mwaka 1975 chama cha muziki wa kantri kilimteua msanii bora wa mwaka, na Charlie Rich, aliyekuwa ametumwa kutangaza mshindi jukwaani, alitoa kiberiti na kuichoma karatasi yenye jina la Denver mbele ya kamera. Hadi leo watu hubishana kama ilikuwa dharau au pombe. Wakereketwa wa kantri walimwona mtu wa pop. Wa pop walimwona mshamba. Hata katika muziki, jamaa hakuwa na ushago.

Halafu kuna ule wimbo wa harusi. Umeusikia, hasa wakati wa kukata keki. Yeye na Annie walikuwa wametoka katika kipindi kigumu cha ndoa, mambo yakatulia. Siku moja mwaka 1973 alikuwa ametoka kuteleza kwenye theluji hadi miguu ikamwaka, akaketi kwenye kiti kinachoning'inia kwenye waya na kuwarudisha watu mlimani. Mapigo ya moyo yalipotulia alitazama huku na huku, akamfikiria mkewe, na kufika juu wimbo ulikuwa umekamilika kichwani. Dakika kumi hivi. Annie's Song hautaji jina lake hata mara moja ndani ya mashairi. Unamlinganisha tu na msitu, milima, mvua na bahari, kwa sababu hivyo ndivyo vitu alivyovipenda kwa dhati.

Ndoa ilivunjika mwaka 1982. Denver mwenyewe alieleza katika kitabu cha maisha yake kwamba wakati wa talaka alimkaba Annie koo, na kwa hasira akachukua pawaso na kukata kitanda chao. Sitakufichia hilo. Mashabiki wengi hulifichaficha, lakini yeye aliliandika, na mwanamke aliyekabwa ndiye huyo huyo wa wimbo wa dakika kumi. Nikiwa harusini sasa, wimbo ukichezwa, nasikia vyote viwili. Haujawa mbaya kwangu. Umekuwa mzito.

Mwaka huo huo baba yake alifariki. Hapa ndipo ile ndege inaporudi. Miaka ya sabini, John akiwa tajiri na maarufu, yule mzee wa B-58 ndiye aliyemfunza kuendesha ndege, na humo angani, wawili hao wakiwa wamekaa bega kwa bega, ndipo walipopatana. Rubani yule yule aliyemfuata California kumrudisha nyumbani kwa lazima.

Miaka iliyofuata haikuwa poa. Kampuni yake ya kurekodi iliachana naye. Mwaka 1985 wasanii wa Marekani walipokusanyika kurekodi We Are the World kwa ajili ya waliokumbwa na njaa, wakiwemo jirani zetu wa Ethiopia, aliomba kushiriki akakataliwa, yeye aliyekuwa amefanya kazi ya njaa kwa karibu miaka kumi. Inaonekana waliogopa ataufanya wimbo uonekane wa kizamani. Lilimuuma. Hata hivyo, mwaka 1987 alikwenda Kyiv kuwaimbia waathiriwa wa mlipuko wa Chernobyl. Ndoa ya pili nayo ikavunjika, pombe ikamzidi, akakamatwa mara mbili kwa kuendesha gari akiwa amelewa, na cheti cha afya cha urubani kikafutwa kwa sababu hiyo.

Lakini hakuacha kuruka. Oktoba 12, 1997, alipaa peke yake katika ghuba ya Monterey, California, kwa kindege kidogo aina ya Long-EZ kilichoundwa na mtu binafsi, alichokuwa amekinunua majuzi tu. Aliyekiunda alikuwa ameiweka swichi ya kubadilisha tangi la mafuta nyuma ya bega la kushoto la rubani, mahali ambapo ukiipapasa lazima ugeuke. Kabla ya kuondoka aliambiwa mafuta ni machache, akaona yatamtosha kwa safari fupi. Wachunguzi walihitimisha kwamba aliposhika ile swichi alipoteza udhibiti, na ndege ikaanguka baharini. Hakuwa amelewa. Alikuwa na miaka 53.

Majivu yake yalitawanywa katika milima ya Rocky. Miezi michache kabla ya kufa alikuwa ameshuka mto Colorado kwa boti ya mpira, akirekodi kipindi cha televisheni kuhusu wanyamapori, pamoja na mwanawe na bintiye mdogo. Humo mtoni alitunga wimbo wake wa mwisho. Unahusu mbwa mwitu wa Yellowstone, waliomalizwa na binadamu katika mbuga hiyo na kurejeshwa mwaka 1995, wakirudi nyumbani.