Karume wa Ng'ambo, mzee wa Msimbazi na Jangwani

Dabi ya Kariakoo ikikaribia, vijiwe vya Tunduma havina Mtanzania wala Mzambia. Ni Simba au Yanga tu. Msimbazi na Jangwani inatajwa utadhani ni mitaa ya hapo mpakani, kumbe iko zaidi ya kilomita 900, katikati ya Dar es Salaam. Na ukigusa historia ya majengo ya klabu hizo, watani wote wawili wanakutana kwenye jina moja: Abeid Amani Karume.

Alizaliwa Unguja mwaka 1905, akawa baharia, akazunguka dunia na meli. Aliporudi aliongoza wenye motaboti waliovusha abiria bandarini. Watu wake walikuwa wa Ng'ambo, upande wa pili wa mkondo uliotenganisha Mji Mkongwe na mitaa ya makuli na mafundi. Huku maghorofa ya mawe, kule nyumba za udongo na makuti. ASP, chama alichokiongoza tangu 1957, kilipata nguvu kule.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, akiwa Rais wa Zanzibar, alitaka Ng'ambo nayo iwe na maghorofa. Wataalamu wa Ujerumani Mashariki wakachora ramani. Kikwajuni na Kilimani zikaanza, ikafuata Michenzani, majengo marefu kama mabehewa ya TAZARA. Hapo mzee hakuwa na mswalie Mtume. Nyumba za zamani zilibomolewa kupisha barabara na fleti. Mtu aliyezoea ua wake wa kuku na baraza ya kupiga soga akajikuta anapanda ngazi. Nyumba imara alipata, lakini baraza ilibaki chini.

Kwenye soka hakuwa mbali. Uwanja wa Amaan ulifunguliwa mwaka 1970 enzi zake. Kariakoo nako, Yanga ilianza 1935, na mwaka uliofuata wakachomoka wengine waliokuja kuitwa Sunderland. Wazee wa klabu zote mbili humtaja Karume kama mfadhili wa majengo yao, Yanga pale kona ya Twiga na Jangwani, Simba mtaa wa Msimbazi. Hata Sunderland kuitwa Simba mwaka 1971, inasimuliwa kuwa wazo lilikuwa lake. Leo mtu akifadhili pande zote mbili ataitwa msaliti mara mbili!

Aprili 7, 1972 jioni, alipigwa risasi akicheza bao na wenzake makao makuu ya ASP, Kisiwandui, hukohuko Ng'ambo. Michenzani ilikuwa bado inajengwa. Dar es Salaam ina Uwanja wa Karume pale Ilala, yalipo makao makuu ya TFF. Mwenyewe amezikwa Kisiwandui, mwendo mfupi tu kutoka kwenye maghorofa yake.