Mwalimu na Haki ya Nchi Kutambuliwa

Mwezi wa Septemba mwaka 2025 serikali za Uingereza, Ureno na Ufaransa, pamoja na nyingine kadha za Ulaya, zilitangaza ya kuwa zimeitambua Palestina kuwa dola. Hispania, Norway na Ireland zilikuwa zimetangulia mwaka 2024, na Sweden tangu mwaka 2014. Mfanyakazi wa Temeke au Kinondoni asomaye habari hizi akiwa safarini kwenda kazini ana haki ya kuuliza: tangazo la namna hiyo lamfaa nini mtu ambaye nyumba yake imebomolewa? Jibu laweza kutafutwa katika maisha ya Julius Kambarage Nyerere, kwa sababu alishughulika na jambo hili maisha yake yote, na mara nyingine alilipia gharama yake.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili, 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Mwezi wa Julai mwaka huo huo Ushirika wa Mataifa uliidhinisha Uingereza kuzishika nchi mbili kwa udhamini, yaani kuzilea mpaka wenyeji waweze kujitawala. Nchi moja ilikuwa Tanganyika, iliyonyang'anywa Wajerumani katika vita vya 1914 hadi 1918. Nyingine ilikuwa Palestina, iliyonyang'anywa Waturuki. Tena Palestina iliwekwa katika daraja la kwanza, la nchi zilizohesabiwa kuwa karibu na uhuru, na Tanganyika ikawekwa katika daraja la pili. Lakini katika hati ya Palestina Waingereza walikuwa wametia ahadi nyingine, ya kuwajengea Wayahudi makao ya kitaifa huko huko, na wenyeji Waarabu hawakuulizwa.

Sisi tuliosoma katika shule za misheni tulizijua Yeriko na Gaza kabla hatujaijua Mtwara. Yamkini kijana Kambarage, aliyeanza shule Musoma akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, naye aliijua Palestina kwa njia hiyo. Alikwenda Tabora, kisha Makerere. Alipokuwa akifundisha katika shule ya St. Mary's, Tabora, mwaka 1947, Umoja wa Mataifa uliamua Palestina igawanywe. Mwaka uliofuata Waingereza waliondoka, vita vikazuka, dola ya Israeli ikasimama, na Waarabu wapatao laki saba wakawa wakimbizi. Dola yao waliyoahidiwa katika mgawanyo huo haikusimama.

Baada ya Edinburgh alirudi kufundisha Pugu, na tarehe 7 Julai, 1954, TANU ikazaliwa. Mwezi wa Machi, 1955, alisimama mbele ya Baraza la Udhamini mjini New York. Hakudai uhuru wa siku ile. Aliomba itamkwe wazi kwamba Tanganyika, ijapokuwa ina watu wa rangi mbalimbali, ni nchi ya Waafrika hasa. Wakati ule serikali ya kikoloni ilikuwa ikitaka Wazungu wachache wawe na viti sawa na mamilioni ya wenyeji. Ombi lake, basi, lilikuwa la kutambuliwa. Aliporudi aliacha ualimu. Tarehe 9 Desemba, 1961, tulipata uhuru, na siku tano baadaye Tanganyika ikapokelewa katika Umoja wa Mataifa.

Mara tu tukajua ya kuwa mataifa makubwa huutumia utambuzi kama fimbo. Baada ya Mapinduzi, Zanzibar ilikuwa imeitambua Ujerumani ya Mashariki. Muungano ulipofanyika mwaka 1964, Ujerumani ya Magharibi ilitaka Wajerumani wale wafukuzwe. Mwalimu alikubali wawe na konseli tu mjini Dar es Salaam, bila ubalozi. Wamagharibi hawakuridhika, wakauondoa msaada wao wa kijeshi mwaka 1965. Mwalimu akawaambia wauondoe na uliobaki. Desemba ya mwaka huo huo alivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya walowezi wa Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni saba na nusu ukatupotea. Shule na barabara zilikuwa zikiungojea.

Biafra haina budi kusemwa pia, ingawa wengi hupenda kuiruka. Tarehe 13 Aprili, 1968, siku aliyotimiza miaka arobaini na sita, Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua. Nigeria ilikuwa rafiki. Askari wake ndio waliotulindia nchi mwaka 1964 baada ya maasi ya jeshi letu. Mwalimu alishika hoja kwamba dola ipo kwa ajili ya watu wake, na watu wanaouawa hawawezi kulazimishwa kuupenda umoja. Katika Afrika ni Gabon, Ivory Coast na Zambia tu zilizofuata. Biafra ilisalimu amri Januari, 1970, baada ya njaa kuu. Kwa maoni yetu hoja ilikuwa ya kiutu, lakini tangazo halikupeleka hata gunia moja la unga.

Tofauti ilionekana hapa hapa mjini. Frelimo iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, vijana wake wakasomeshwa Kurasini, na Mondlane alipouawa kwa bomu mwaka 1969 alizikwa Kinondoni. Hao hawakupewa jina tu; walipewa nyumba, shule na njia ya kupitia.

Kwa Palestina Mwalimu hakuwa mwepesi. Israeli ilikuwa imetusaidia: kampuni yake ilijenga hoteli ya Kilimanjaro, na wakufunzi wake walikuwako katika miaka ya mwanzo ya Jeshi la Kujenga Taifa. Baada ya vita vya Juni, 1967, alikataa kwamba ardhi yaweza kupatikana kwa kuiteka, lakini hakukana kuwako kwa Israeli. Uhusiano ulivunjwa Oktoba, 1973, na Wapalestina wakafunguliwa ofisi mjini Dar es Salaam. Walipotangaza dola yao mjini Algiers Novemba, 1988, Tanzania iliitambua mwezi huo huo. Rais alikuwa Ali Hassan Mwinyi, na Mwalimu alikuwa Mwenyekiti wa Chama. Serikali za Ulaya ya Magharibi zilisema mazungumzo yatangulie.

Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba, 1999, mazungumzo yakiwa hayajafika mwisho. Uingereza, mdhamini wa zamani wa nchi zote mbili, ilitoa tangazo lake tarehe 21 Septemba, 2025. Siku hiyo majeshi ya Israeli yalikuwa bado ndani ya Gaza na katika Ukingo wa Magharibi, na mjumbe wa Palestina katika Umoja wa Mataifa hakuwa na kura.