Chuck Taylor na Raba Zake

Muhula uliopita baba alinipa fedha za kununua raba za kuchezea mpira wa kikapu. Dukani niliona jozi moja ya turubai jekundu, ndefu mpaka kwenye vifundo, isiyo na jina la mtengenezaji, nikaipenda kwa rangi yake. Ilinibana, lakini nikajidanganya ya kuwa itatanuka. Siku ya mchezo wa mwisho baina ya mabweni nilitoka uwanjani kabla ya mapumziko, visigino vimechubuka, na bweni letu likashindwa kwa pointi mbili. Ndipo nikataka kujua ni nani aliyeueneza mtindo huo. Habari zake ni hizi.

Charles Hollis Taylor, aliyejulikana zaidi kwa jina la Chuck, alizaliwa tarehe 24 Juni 1901 katika jimbo la Indiana, Marekani. Mpira wa kikapu ulikuwa bado mchanga, kwani James Naismith aliuanzisha mwaka wa 1891. Taylor aliucheza katika shule ya sekondari ya mji wa Columbus, kisha katika timu za watu wazima.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 aliajiriwa na kampuni ya Converse kuuza viatu. Kampuni hiyo ilikuwa imeanza kutengeneza raba ya All Star mwaka wa 1917. Taylor hakukaa dukani kungoja wanunuzi. Alisafiri mji hata mji, akaingia shuleni na vyuoni, akawafundisha vijana kupasiana na kutupa mpira, na huku akiwaonyesha makocha viatu vyake. Katika miaka ya 1930 jina lake likatiwa katika ile nembo ya duara yenye nyota, ubavuni mwa kiatu. Alifariki tarehe 23 Juni 1969, ikiwa imebaki siku moja atimize miaka 68. Mwaka huo huo jina lake liliingizwa katika Jumba la Heshima la mpira wa kikapu.

Sasa na tupime. Kwa zama zake raba hiyo ilikuwa na raha ya kutosha: turubai jepesi lililofunika kifundo, na soli ya mpira iliyoshika sakafu ya mbao. Lakini soli yake ni bapa, haipunguzi sana kishindo mchezaji anaporuka na kutua. Kwa hiyo katika miaka ya 1970 wachezaji wakubwa walianza kuhamia viatu vya ngozi, na All Star ikawa zaidi kiatu cha kutembelea. Uzuri wake haukupungua. Kazi yake ndiyo iliyobadilika.

Basi, wenzangu, kabla hamjalipa, vaeni viatu vyote viwili, fungeni kamba, mruke mara tatu humo humo dukani. Jicho huchagua, lakini mguu ndio uvaao.

Baba yangu husoma gazeti hili kila muhula, nami sikumweleza mkasa huu. Namwomba radhi hapa. Raba zile nimempa mdogo wangu, naye zinamtosha barabara.