Jaramogi na hesabu ya kuchanga

KISUMU ya miaka ya 1940 ilikuwa mji wa matabaka. Wazungu waliishi Milimani, biashara kubwa ilishikwa na Wahindi, naye Mwafrika aliingia mjini kuuza jasho lake kisha akarejea kijijini. Jaramogi Oginga Odinga, mzaliwa wa Sakwa, Bondo, aliyesomea Maseno, Alliance na Makerere, aliamini kuwa hali hiyo isingebadilika kwa maombi bali kwa mtaji.

Mtaji huo ulikuwepo, ila vipande vipande, na kila mwenye kipande alingoja mwenzake atangulie. Atakayetoa peke yake atapoteza; wote wakingoja, duka halijengwi. Wataalamu wa hisabati nchini Marekani walikuwa ndio kwanza wanaunda nadharia ya michezo kuchambua mafumbo ya namna hiyo. Odinga alikutana na fumbo lenyewe sokoni.

Aliacha ualimu, na mwaka wa 1947 shirika la akiba na biashara la Waluo, LUTATCO, likasajiliwa. Alizunguka kuuza hisa, akiwafuata hata Waluo waliokuwa vibaruani mbali na kwao. Palitakiwa kitu cha kuonekana kwa macho: duka Maseno, kiwanda cha uchapishaji, na hatimaye Jumba la Ramogi katikati ya Kisumu. Aliyesitasita aliweza kuligusa tofali lililonunuliwa kwa shilingi ya jirani yake. Faida haikuwa kubwa. Imani, pengine, ndiyo iliyokuwa kubwa.

Imani hiyo ilimfikisha katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka wa 1957. Mwaka wa 1961, KANU iliposhinda uchaguzi, yeye na wenzake walikataa kuunda serikali kabla ya Jomo Kenyatta kuachiliwa. Kenyatta akaachiliwa mwaka huohuo. Urafiki wao haukudumu: Odinga alijiuzulu umakamu wa rais mwaka wa 1966 na kuunda KPU, na baada ya ghasia za Kisumu za 1969 akawekwa kizuizini.

La ajabu ni kwamba somo hilo lilimponyoka uzeeni, yeye pamoja na wenzake. FORD, aliyoiasisi na wengine mwaka wa 1991, iligawanyika mwaka uliofuata. Katika uchaguzi wa Desemba 1992, Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Odinga kwa jumla walipata zaidi ya asilimia 60 ya kura. Daniel arap Moi alishinda kwa takriban asilimia 36.

Odinga, aliyemaliza wa nne, alifariki mjini Kisumu Januari 20, 1994.